Kitufe cha Zambarau

Niliponunua nyumba yangu ya Riverside, hapa Buffalo, mwenyewe wa zamani aliniachia rimoti moja tu ya mlango wa gereji, imepasuka, imezungushiwa selotepu. Mume wangu alikuwa amefariki miaka minne nyuma. Nahudumia wazee majumbani mwao, na ile nyumba ndogo niliipata kwa jasho langu. Ndugu wa marehemu hawakufurahi. Mkubwa wao wa Columbus na mdogo wake wa Louisville walishakata shauri: mwanamke peke yake haiwezi nyumba, niiuze, nihamie Louisville wapate kuniangalia.

Siku moja nikateleza ulimi kwenye simu, nikasema natafuta rimoti nyingine. Yule wa Louisville akadaka neno hilo juu kwa juu.

"Unaona? Mashini tayari inakushinda. Usiguse kitu, shemeji, iyo ni kazi ya wanaume. Nitakuya siku ya posho, bon, na tutaongea mambo ya kuuza."

Kwetu shemeji hakatizwi kauli. Lakini siku ileile nilipotoka kazini nilipitia dukani. Muuzaji akanionya nisichague rimoti kwa sura, maana zinafanana. Nipande ngazi, nitazame kitufe kidogo nyuma ya mota inayoning'inia darini. Rangi yake ndiyo inayosema ni rimoti gani. Changu kilikuwa cha zambarau. Nikakipiga picha, nikarudi dukani, nikapewa rimoti inayopatana nacho. Halafu nikaiweka kwenye droo ya jikoni, nikamngoja mwanaume. Hadi leo najicheka kwa hilo.

Jumamosi, ndiyo hiyo siku ya posho, akafika, baada ya kulala Columbus njiani na kupewa maagizo na kaka yake. Mkononi alikuwa na rimoti mbili mpya, kazinunua Louisville bila kuniuliza hata rangi. Akapanda ngazi na shati lake la kanisani. Akabonyeza kitufe, akabonyeza rimoti. Kimya. Akajaribu ya pili. Kimya.

"Shemeji, rangi haipatane," nikamwambia taratibu.

"Niachie."

Safari ya mwisho alikikandamiza kile kitufe kwa hasira, hakiachii, mpaka taa yake ndogo ikazimika yenyewe. Ukifanya hivyo, mota inasahau rimoti zote ilizozijua. Hata ile yangu mbovu, iliyonifungulia asubuhi, haikufanya kazi tena.

Akashuka anajifuta jasho. "Donc, minasema nini? Iyi nyumba haikufai. Uiuze."

Hapo nikakasirika kwelikweli. Nikaingia jikoni, nikarudi na rimoti yangu, nikakaza kitenge kiunoni, nikapanda. Nikagusa kitufe mara moja, nikaachia. Taa ndogo ikawaka. Nikabonyeza rimoti, nikaishikilia mpaka balbu kubwa ya mota ikapepesa. Nikabonyeza tena, na mlango mzima ukanyanyuka, mwanga wa theluji ukatupiga usoni sote wawili. Nilijivuna, sifichi. Nilijivuna kuliko siku niliyosaini karatasi za nyumba.

Simu yake ikalia. Alikuwa kaka yake wa Columbus, sauti ikasikika gereji nzima.

"Mumeisha ongea ya kuuza?"

Shemeji akautazama mlango, kisha akanitazama mimi niliye juu ya ngazi, akamjibu mkubwa wake: "Hapana, yaya. Nyumba iko na mwenyewe."

Nikashuka, nikampikia chai. Kabla ya kuondoka aliniomba, kwa adabu ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, nimnunulie na yeye rimoti ya zambarau akae nayo ndani ya gari yake. Ni mtu wa familia, alisema, siku akija asisumbue mtu.

"Hapana, shemeji," nikamjibu. "Ukifika, piga honi. Mimi mwenyewe nitakuya kukufungulia."