Kombe la Saba

Mwaka ninaotaka kukusimulia, mwanangu, ni ule tuliokula michembe. Sisemi kama mnavyokula ninyi siku hizi, vipande viwili na chai kwa kujifurahisha. Nasema viazi vilivyokauka asubuhi, viazi vilivyokauka mchana, na jioni mama anavitwanga unga, anasonga ugali mweusi unaoteleza kooni kabla hujautafuna. Mahindi yetu ya kijijini Itetemia yalifika gotini yakakaukia palepale, mtu angeweza kuyawasha moto yakiwa yamesimama. Ukimuuliza mzee wa rika langu alioa au aliolewa lini, atakwambia kabla ya michembe au baada ya michembe, na utamwona anapapasa meno kwa ulimi.

Mimi bibi yako nakuandikia kwa sababu uliondoka Jumapili uso umevimba. Ulinifulia mapazia, ukanisugulia sakafu, ukatoa utando wa buibui ambao mimi na huyo buibui tulikuwa tumeshazoeana. Nashukuru. Halafu ukaliingiza kwenye beseni koti la babu yako. Nikakupokonya, nikakwambia maneno mawili, ukanuna mpaka basi likaja. Maneno yale hayakuanzia kwako, mwanangu. Niliyasema mara ya kwanza nikiwa msichana wa miaka kumi na saba, mbele ya sanduku la samaki.

Njaa ile ndiyo iliyonipeleka mjini Tabora. Baba alinitafutia kazi kwa Mama Lina, Mgoa mmoja, mume wake alikuwa gadi kwenye treni ya Kigoma. Nyumba yao ilikuwa karibu na stesheni, treni ikipita vikombe vinagongana kabatini. Lina lilikuwa jina lake mwenyewe, maana Mama Lina hakuwa na mtoto. Jambo hilo halikutajwa mle ndani, kama vile haikutajwa kwa nini kulikuwa na droo moja chumbani aliyonikataza kuifungua, hata kwa kupangusa vumbi.

Nami kupangusa ndiyo ilikuwa sifa yangu. Sifichi, nilikuwa hodari na bado ni hodari. Sufuria nilizisugua kwa majivu na mchanga mpaka ukijitazama unajihesabu meno. Sikuona kitu kichafu nikalala.

Sebuleni palikuwa na sanduku la vioo, pembe zake za chuma, limejaa maji. Ndani yake samaki tisa wadogo, hata kidole changu kiliwazidi urefu, ambao Bwana gadi aliwaleta kutoka ziwani wakiwa ndani ya debe. Alikuja pia na makombe saba ya konokono, matupu, kwa sababu samaki wale hukaa ndani ya makombe kama mtu anavyokaa nyumbani mwake. Chini, ndani ya sanduku, walimwaga changarawe, mawe madogo ya rangi rangi, mazuri kuyatazama. Mama Lina alivuta kiti kila jioni akawatazama. Gadi yuko njiani siku tatu, siku nne, na yeye anazungumza na samaki. Alikuwa akisema, "Nyamizi, mbona hawa hawazai?" Mimi nitajulia wapi? Kwetu samaki nilimjua akiwa amekauka.

Aliyejua ni Bi Mwasiti. Huyu alikuwa mama mtu mzima wa Ujiji, anauza dagaa mlango kwa mlango, bibi yake alifika Tabora kwa miguu nyuma ya misafara, wakati mtu wa ziwani akitembea mpaka pwani na mzigo kichwani. Siku hiyo alipiga hodi uani, akanisalimia Kinyamwezi kwa utani, "Mwangaluka, binti wa michembe!" Nikamjibu, "Shikamoo, bibi mla dagaa." "Marahaba. Sufuria zako hizi, mwizi akija atakimbia, atadhani ni taa za treni." Akaingia sebuleni kupokea pesa yake, akaliona sanduku, akasimama.

"Mama," akamwambia Mama Lina, "hawa mmewalaza juu ya mawe?"

"Kwani kuna ubaya?"

"Hawa ni wa mchanga. Mtazame yule, anauma jiwe analiacha, anauma jiwe analiacha. Anataka kuchimba, azike nyumba yake ibaki mlango tu. Mawe hayachimbiki. Wawekee mchanga."

Mama Lina alishika shavu kama mtu aliyeambiwa mtoto wake amelala njaa mwezi mzima. Kesho yake akanituma kwetu kwenye korongo kuchota mchanga. Nikauchota ule mwembamba wa katikati, nikauchekecha, nikauosha. Mwanangu, mchanga una vumbi kuliko barabara! Niliosha maji yakatoka kama uji, nikaosha yakatoka kama chai ya maziwa, nikaosha mpaka mara ya kumi na moja ndipo nikaona kucha zangu chini ya karai. Mama Lina alikuwa anakwenda kanisani kushona nguo za altare na akina mama wenzake. Akaniambia, "Badilisha polepole, Nyamizi. Nikirudi nikute pazuri."

Akasema polepole. Mimi nikasikia pazuri.

Nikawahamisha samaki kwenye ndoo pamoja na makombe yao. Nikachota changarawe kwa upawa, na kumbe chini ya mawe yale mazuri palikuwa na utelezi na uchafu wa mwaka mzima, maji yakageuka kama ya dimbwi la ng'ombe. Nikayamwaga yote shambani kwenye mchicha, mawe na maji. Nikasugua vioo. Halafu nikayageukia makombe. Yalikuwa ya kijani, yameota ukungu, yanateleza. Nikasema, haya nayo yataingia kwenye mchanga wangu mweupe? Nikainjika maji yakachemka. Kombe la kwanza nikalitikisa juu ya ndoo, samaki akatoka, nikalitupia maji ya moto ndani ya beseni, nikaingiza kijiti chenye kitambaa na majivu, nikazungusha kama ninavyosafisha kibuyu. La pili. La tatu. Mpaka la sita. Yakapangwa juani, meupe kama mayai, na mimi naimba.

La saba samaki wake alikataa kutoka. Nikatikisa, nikapuliza, nikagonga kwa kidole. Nikimchungulia namwona jicho moja tu, huko ndani kabisa, linanitazama. Nikaanza kutafuta jiwe la kuligongea.

Hapo ndipo Bi Mwasiti akaingia uani, alirudi kuchukua kapu lake alilolisahau. Akaona makombe sita juani. Akaona beseni la majivu. Kapu akalisahau tena.

Hakunipigia kelele. Afadhali angenipigia. Alichuchumaa kwenye beseni, akachovya mkono, akaninyooshea kiganja chake. Juu yake palikuwa na vitu vidogo vyeupe, kama kope za mtoto. Vilikuwa na macho.

"Ulipiga hodi?" akaniuliza.

Sikuelewa.

"Nakuuliza, Nyamizi. Mimi hapa kila siku napiga hodi, na nyumba hii ina wewe na mama mmoja. Mle ndani ulipiga hodi?"

"Yalikuwa machafu, bibi."

"Yalikuwa na watu."

Nilikaa chini kwenye majivu yangu. Mwanangu, mwaka mzima mwanamke yule aliuliza mbona hawazai. Kumbe walikuwa wamezaa. Walizaa juu ya mawe yaleyale, hawakungoja mchanga wetu, wakawaficha watoto ndani ya giza la kombe. Nami, kwa mikono yangu hodari, nimewachemsha.

"Hilo moja lina mwenyewe," Bi Mwasiti akasema, akaonyesha lile la saba. "Usiligeuze, usilitikise tena. Na maji ya zamani yako wapi?"

"Nimemwaga."

"Yote?"

"Yamebaki ya kwenye ndoo."

"Na mawe?"

Nikaonyesha kwenye mchicha. Akanisindikiza tukayaokota pamoja, konzi tatu nne, yale yaliyokuwa bado mabichi chini ya majani, tukayafunga kwenye kipande cha kanga yake iliyochakaa. Akanifundisha. Mchanga ukaingia kwanza, kidogo kidogo. Juu yake tukaweka sahani, tukamimina maji kwenye sahani yasichimbue. Maji ya ndoo yakarudi yote, yale ya kisimani tukaongeza kikombe kimoja kimoja. Kifurushi cha mawe ya zamani tukakiweka pembeni, kikae huko hata mwezi. "Utelezi huu unaoukimbia," akasema, "ndio unaoyalea maji. Samaki ukimtia kwenye maji yasiyo na historia anakufa akiwa msafi." Mwisho tukateremsha kombe la saba, chafu vilevile, katikati ya mchanga mweupe. Akajitwika kapu akaondoka. Langoni akageuka: "Mwambie mwenyewe. Mimi sitamwambia."

Mama Lina alirudi, akasimama mlangoni na kofia yake ya kanisani, akapiga makofi. Mchanga ulikuwa umetulia, unang'aa, na samaki wameanza kuupekua kwa midomo. Alicheka! Sikuwahi kumsikia akicheka hivyo. Halafu akainama.

"Lakini hilo moja, Nyamizi, mbona ulilisahau? Linaharibu pote. Litoe ulioshe kama wenzake."

"Hili silioshi."

Alidhani hakusikia. Msichana wa kazi wa siku zile hakusema maneno kama hayo, baba yake anangoja nusu gunia la unga kila mwezi. "Unasemaje?"

"Hili silioshi, mama."

"Kwa nini?"

Kumwambia kwa nini hili silioshi, ni lazima nimwambie na yale sita niliyafanya nini. Akakunja mkono wa gauni lake. "Basi nitalitoa mwenyewe." Mkono ulikuwa umeshaingia majini, vidole viko karibu kuligusa, ndipo nikamshika kifundo cha mkono. Mimi! Nikamshika, nikamwambia yote. Majivu, maji ya moto, vitu vile kwenye kiganja cha Bi Mwasiti. Nikamwambia pia kwamba nilikuwa naimba.

Akatoa mkono. Akaketi kwenye kiti chake, maji yanamdondoka kwenye vidole. Akauliza jambo moja tu, "Walikuwa wengi?" Nikasema sikuwahesabu. Akaingia chumbani, nikasikia droo inafunguliwa, inafungwa.

Siku nane alizungumza nami habari za chumvi na mkaa tu. Nilikuwa nimeshafunga nguo zangu kwenye kanga, nangoja Bwana gadi arudi anifukuze. Alirudi, akaondoka tena na treni yake, hakuna aliyesema neno. Asubuhi ya tisa nikasikia, "Nyamizi! Njoo! Njoo haraka!" Nikakimbia na mwiko mkononi.

Yule samaki wa kombe la saba alikuwa amechimba. Alibeba mchanga kwa mdomo, mdomo kwa mdomo, akautema pembeni, mpaka nyumba yake ikazama ukabaki mlango peke yake. Na mlangoni pale, mwanangu, walikuwa wametoka. Wadogo kama chawa, niwie radhi, sina mfano mwingine. Wanatoka, mama yao akigeuka wanarudi ndani, wanatoka tena. Tulipiga magoti mimi na Mama Lina, pua kwenye kioo, tukihesabu na kukosea, tukianza upya. Aliushika mkono wangu unaonuka majivu, akasahau kuuachia.

Alasiri yake aliniita chumbani. Akaifungua ile droo. Palikuwa na kofia ya mtoto mchanga, ya sufu, nyeupe iliyogeuka manjano, ndani ina alama ya kichwa. Ilivaliwa siku mbili, akasema. Hakuniambia zaidi, wala sikuuliza. "Nawe unavyopenda kufua," akasema, akajaribu kutabasamu, "hii usiiguse." Nilikaa naye miaka minne, nikaondoka kwake kuolewa na babu yako. Alinipa sufuria mbili. Ninazo hadi leo, unajua zinavyong'aa.

Sasa nisikie. Sikukatazi usafi, mwanangu, usije ukanitolea kisingizio cha uvivu. Wala sikukatazi kubadilisha. Mchanga ulikuwa bora kuliko changarawe, Bi Mwasiti alisema kweli, na samaki wale walizaa mpaka Bwana gadi akawa anawagawa stesheni nzima. Mtaingia nyumba za watu, mtaolewa, mtapewa ofisi, mtakuta mambo ya wazee yameota ukungu. Toeni mawe. Lakini toeni polepole, bakizeni konzi ya zamani kwenye kitambaa mpaka kipya kizoee, na kabla ya kuchemsha maji chungulieni ndani, mpige hodi, muulize ni nani anakaa humo. Kitu kikiwa kichafu machoni pako, huenda ni nyumba ya mtu. Na ukishakosea, sema mapema, kabla mkono wa mwingine haujafika kwenye kombe lililobaki.

Babu yako alikuwa mrina asali. Alikaa porini miezi na mizinga yake ya magome, akirudi nalijua koti kabla sijamwona yeye, moshi na nta na jasho lake. Ni miaka sita tangu tumzike. Mfuko wa kushoto bado una chembe za nta. Jioni nikifunga mlango napitisha uso pale kwenye kola, basi, nakwenda kulala. Hiyo ndiyo hodi yangu.

Mungu akupe mikono hodari kama yangu na macho mazuri kuliko niliyokuwa nayo mimi. Akupe nyumba yenye watu ndani. Njoo Krismasi, usinione nimekukasirikia, njoo ufue mashuka, ufue mapazia, hata mimi mwenyewe ukitaka nisugue mgongo. Koti liache palepale nyuma ya mlango.

Hili silioshi.