Nondo Iliyonyweshwa Maji

Mwaka 1988, Chausiku Mwishehe alipohitimu ufundi umeme Chang'ombe, darasa zima lilikuwa na wasichana wawili. Mwenzake aliacha kazi. Yeye alinunua ngazi akarudi Tandika alikozaliwa. Shangazi zake walimcheka: mwanamke gani huyu anayeshinda juu ya dari za watu? Aliendelea kupanda.

Februari 1993, wiki moja kabla ya mfungo, aliitwa na Mzee Salumu, mwenye duka. Serikali ilikuwa imefungulia biashara ya nje, na mzee alikuwa ameagiza friji kubwa kutoka Dubai ili auze juisi na barafu wakati wa kufuturu. Duka lilihitaji laini mpya ya umeme, na laini haitolewi mpaka fundi mwenye leseni atie sahihi kwenye fomu. Waya zilikwishafungwa na fundi mwingine. Kwa Chausiku ilitakiwa sahihi tu.

Kwanza aliomba kuiona nondo ya ethi, ile inayochimbiwa ardhini ili umeme unaovuja upite huko badala ya kupita kwa mtu. Uani mchanga wote ulikuwa mkavu kama unga, isipokuwa duara moja lenye majani mabichi. Katikati ilisimama nondo, na pembeni kopo la maziwa. Mke wa mzee, Bi Mwanaasha, alieleza bila kuficha. Friji, iliyokuwa imeungwa kwa muda kwenye umeme wa nyumba, ilimtekenya vidole, yule fundi wa kwanza akamwambia ainyweshe nondo maji kila asubuhi. Mtekenyo ulipungua kweli. Siku bomba likikauka, alifungua friji kwa kanga.

Chausiku alichukua balbu, akaunganisha ncha moja na waya wenye moto, yaani unaoleta umeme, na nyingine na nondo. Balbu ikatoa wekundu hafifu. Akamwaga kopo la maji, mwanga ukaongezeka. Akawaeleza kwamba mchanga mkavu hupitisha umeme kidogo mno kuweza kukata fyuzi, kwa hiyo friji hubaki na moto kimya kimya. Ilitakiwa nondo ndefu zaidi, ifike kwenye udongo wenye unyevu, na swichi inayojikata hata umeme ukivuja kidogo.

Mzee Salumu alikasirika. Mfungo ulikuwa mlangoni.

"Mtaa mzima wanafunga ethi kwenye nyutro, kazi inaisha," alisema. "Gregori hapo jirani kafungiwa hivyo. Wewe mwanangu unaogopa nini? Au hukusomea hiyo?"

"Nimeisomea, baba. Friji ikiharibika, fyuzi itakatika upesi, hilo ni kweli. Lakini nyutro, ule waya unaorudisha umeme, ikikatika pale kwenye nguzo, umeme utakosa pa kurudia, na mwili wote wa friji utajaa umeme. Hapo sitii sahihi."

Mzee akasema mafundi wako wengi. Chausiku akakunja fomu tupu, akamrudishia kwa mikono miwili. Alijua kwamba akitoka hapo bila kazi, mtaa utasema mwanamke ameshindwa.

Bi Mwanaasha ndiye aliyekata shauri. "Mie siifungui tena friji hiyo kwa kanga," alisema, akaingia ndani.

Walichimba siku tatu hadi kwenye udongo wenye unyevu, kisha wakasubiri laini wiki nzima. Duka lilifunguliwa siku ya nne ya mfungo, na wateja wa mwanzo walikuwa wamekwenda kwingine. Mzee hakumsalimia Chausiku mwezi mzima.

Aprili, katikati ya masika, tawi la mkorosho lilianguka juu ya nyaya za mtaa likakata nyutro. Taa zikazimika kila nyumba. Kwa Gregori, mkewe Anjelina alishika mlango wa friji akarushwa hadi ukutani. Alipona, lakini mkono ulikufa ganzi siku mbili. Kwa Mzee Salumu, Bi Mwanaasha alikuwa ameegemea friji yake akichambua mchele, na hakuhisi kitu.

Asubuhi iliyofuata Gregori alimtuma mtu kumwita Chausiku. Mtaa ulimwona akipita na begi lake begani. Nyuma yake, kanzu imepandishwa isiguse tope, Mzee Salumu alikuwa amembebea ngazi.