Anyitike na Betri za Magari Yasiyonunuliwa

Vijana wa siku hizi wakiniona hudhani bibi muuza uji hajui gari. Haya, wadhani hivyo hivyo. Mimi Rozalia nimekaa na sufuria yangu langoni pa yadi ya magari Mbeya tangu mume wangu Timotheo alipokuwa akiendesha magari mapya kuyaleta kutoka Iringa kwetu, anayakabidhi, anarudi na basi kuchukua mengine. Nimeona magari yakija yanang'aa, nimeyaona yakikaa mpaka kuku wanapanda boneti. Na mtu aliyeyaweka hai namjua, maana nilimnywesha uji kila asubuhi, na hakuna siku hata moja aliyosema uji mtamu. Atakunywa, ataweka bakuli, atasema "haya", huyo kaingia ndani.

Ndiye Anyitike Mwakatumbula, Mnyakyusa wa Tukuyu. Vita vya pili vya Mjerumani vilimpeleka Burma, na huko badala ya kupewa bunduki akapewa betri za redio za jeshi azichaji. Aliporudi, Mgiriki mwenye yadi, Bwana Kostas, akamchukua kwa kazi hiyo hiyo. Wengine walimcheka. Gari jipya lina shida gani ya betri? Basi nikwambie kama alivyonieleza yeye siku moja alipokuwa na maneno. Gari lililonunuliwa linatembea, na likitembea linajaza betri yake. Lisilonunuliwa linasimama tu, na betri haijui kupumzika, inajila yenyewe kidogo kidogo. Baridi ya Mbeya ya mwezi wa saba ikiingia, unakuta gari halijawahi kubeba hata abiria mmoja, na halina nguvu ya kukohoa.

Kwa hiyo kila gari lililosimama alilichomolea waya mmoja wa betri. Alipita na kipimo chake cha kioo, ananyonya asidi kutoka kila tundu, anaitazama, anairudisha. Betri iliyodhoofu aliibeba kifuani mpaka kibandani, akaiunga na injini ndogo ya kuchajia. Alizisemesha zile betri kuliko alivyotusemesha sisi watu.

Na maji yake! Betri hupungukiwa maji, lazima iongezwe, na Anyitike aliongeza maji ya mvua tu. Ya bomba hataki, ya mto hataki kuyasikia, alisema yana vitu vya ardhini vinavyoitia betri ugonjwa. Hata mvua iliyopita juu ya bati aliikataa. Nyumbani kwake alikuwa na mtungi mkubwa wa udongo, aliuweka wazi masika yote ukinge maji kutoka mbinguni, kisha ukafunikwa kwa ubao nyuma ya jiko. Mkewe Marta alikuwa akimjazia chupa, anaondoka nazo asubuhi.

Sasa niwaeleze jambo la Wanyakyusa, la sivyo hamtanielewa. Mimi Mhehe, na kwetu mkwe tunamheshimu, lakini hawa wenzetu walizidisha. Mke wa mwana haonani na baba mkwe. Hamtazami uso, hasemi naye, na mzee naye hamtazami. Mwanamke akisikia mkwewe anakuja, anaingia majanini au anajifunika gubigubi mpaka apite. Wakristo walikuwa, kanisani wanaimba kitabu kimoja, lakini mmoja anaingia mlango huu na mwingine ule. Wakionana uso kwa uso ni aibu ya ukoo mzima, na mara nyingi binti hufungasha akarudi kwao mpaka wazee watengeneze. Nilikuwa nikiwacheka. Heshima si utumwa, wanasema, lakini ile mimi niliiona utumwa mtupu.

Mke wa mwana wa Anyitike aliitwa Damari. Yotamu alimwoa, halafu kama wanaume walivyo, akaenda Makongolosi kuchimba dhahabu akamwacha arusi bado mbichi. Binti mdogo, mchapakazi, macho yako chini saa zote. Mchana alileta chakula cha mzee, anakiweka kwenye benchi langu, anazunguka nyuma ya ukuta. Mimi ndiye niliyempa mzee. Naye mzee akimaliza aliniambia nimshukuru mpishi, basi. Kumbe uji wangu tu ndio haukustahili.

Mwaka wa hamsini na nne ulikuwa mbaya. Wakulima hawakuwa na uwezo, magari yakajaa yadi nzima, Land Rover na malori, pua kwa mkia. Halafu betri zikaanza kufa. Si kulegea, kufa. Anaichaji leo imejaa, anaiacha siku chache, anarudi imekwisha. Mpya kabisa! Anyitike akakonda. Nilimwona akitembea kati ya magari yale anagusa boneti moja moja, midomo inacheza. Uji akaanza kuuacha nusu, nikaudhika, halafu nikaogopa.

Siku moja wakaja mabwana wa chama cha wakulima wa kahawa kutoka Rungwe kuchagua lori. Bwana Kostas mwenyewe akakaa nyuma ya usukani, akabonyeza. Kimya. La pili, kimya. La tatu likaguna mara moja likanyamaza. Wale mabwana wakatazamana, wakasema watakwenda kufikiri. Hatukuwaona tena.

Bwana Kostas hakuwa mtu mbaya, lakini hasira yake ilikuwa karibu. Na mjini palikuwa na maneno kwamba baadhi ya vilabu vya pombe vina redio inayopiga muziki usiku kucha, na redio bila betri haipigi. Akaunganisha mambo. Akamwambia Anyitike kwamba anakodisha betri za yadi kwa watu wa vilabu, zinarudi zimenyonywa. Mzee akaapa. Akaulizwa basi ni nini kinachoziua. Akasema hajui. Akaulizwa kuhusu maji, akasema maji ni yale yale ya mvua, ya mtungi wake, kwa hayo atakufa nayo. Hapo alijifunga kamba mwenyewe, maana kama maji ni mazuri na kazi ni ile ile, amebaki mwizi tu. Bwana Kostas akatuma mtu akawaite polisi. Fundi mmoja akanikimbilia langoni kunieleza. Mwafrika kuingia jela kwa wizi wa mali ya Mzungu, miaka ile, hukuwa unauliza atatoka lini.

Damari akatokea na chakula. Nikamwambia yote palepale, sikupaka sukari. Nilipofika kwenye mtungi, akaweka kikapu chini polepole.

"Mtungi wa nyuma ya jiko?" akauliza.

Nikasema huo huo. Akanieleza. Mama mkwe Marta alikuwa amekwenda Tukuyu kumuuguza dada yake tangu mvua zilipokatika, na Damari ndiye aliyekuwa akijaza chupa na kuziacha mlangoni. Mzee jikoni hawezi kwenda, jiko ni la mkwewe. Aliambiwa asiyanywe maji yale ni ya baba, asiyafulie. Hakuyanywa, hakuyafulia. Lakini yalipopungua, jamani, mtungi wa baba mkwe ubaki mtupu kwenye nyumba yenye mke wa mwana? Watu waseme nini? Akawa anauongeza kimya kimya, maji safi ya kijito, akiyachota kwa debe kuukuu la mafuta ya taa lenye kutu. Kila ulipopungua aliujaza. Alidhani anapata thawabu, na wa kumwambia hakuwapo.

Yaani kikulacho ki nguoni mwako. Nikamkamata mkono nikamwambia asiondoke, nikaingia yadi mbio nikamweleza Bwana Kostas mbele ya askari wawili waliokwisha fika. Hakunisikiliza hata nusu. Akasema muuza uji anamtetea mteja wake. Kama kuna mwanamke aliyeharibu maji, aje aseme mwenyewe.

Nikarudi langoni. Nilitegemea atakataa, na nisingemlaumu. Aliuliza jambo moja tu, mzee amesimama upande gani. Nikamwambia mbele ya Land Rover, mkono wa kulia. Akajifunika kanga kichwa chote, akageuka, akaniambia nimwongoze. Tukaingia hivyo, mimi nikitazama mbele na yeye akitembea kinyumenyume kama anayefagia, kisigino kinatafuta njia. Mafundi wakaacha spana. Mmoja alianza kucheka, nikamtazama, akaacha.

Nikamsimamisha akiwa amewapa mgongo. Akaanza kusema akiuelekea mlango wa lori lililokuwa pale, sauti ndogo, kwamba maji aliyajaza yeye. Anyitike alikuwa amekwisha geukia ukuta. Pale mimi nilikuwa nikisali, Bikira Maria, Mgiriki huyu aelewe.

Hakuelewa. Kwao mtu asiyekutazama ni mwongo. Akasema hajapata kuona ushahidi wa mgongo. Akamwamuru ageuke, afunue kichwa, amtazame mzee machoni, aseme tena mbele yake. La sivyo askari waondoke na mtu wao sasa hivi. Nikajaribu kumweleza desturi, maneno yananigongana mdomoni, akanyoosha mkono ninyamaze. Askari mmoja, naye Mnyakyusa, aliinama akatazama viatu vyake.

Ndipo Anyitike akasema, bado uso uko ukutani, "Bwana, nimeiba. Nipelekeni. Mwacheni binti aende nyumbani."

Nilitaka kumpiga mzee yule. Naapa, nilitaka kumpiga kwa mwiko wangu wa uji. Miaka yote ile ya kupima tone kwa tone, halafu ajiite mwizi kwa sababu ya kutazamwa! Askari wakasogea. Mmoja akamshika bega akamgeuza wamwondoe.

Na Damari akageuka. Hakungoja kuambiwa mara ya pili. Aliivuta kanga ikaanguka mabegani, uso wazi, machozi hayapo, akamtazama baba mkwe wake.

Lakini hakumkuta. Mzee alikuwa amenyakua gunia lililofunika betri pale kwenye boneti, akalivaa kichwani mpaka kifuani. Lilikuwa limesimama gunia tu, na miguu miwili chini yake. Damari akaliambia gunia lile kila kitu: debe, kijito, chupa, mlangoni. Akasema hakuna aliyemtuma. Akasema baba si mwizi. Alisema kwa sauti ambayo hata mafundi wa mwisho kule walisikia.

Bwana Kostas alilitazama lile gunia kwa muda. Sijui aliona nini. Kisha akaagiza chupa mojawapo iletwe, akamimina maji kidogo juu ya kipande cha kioo safi, akakileta mwenyewe kwenye mkaa wangu. Tuliinama wote. Maji yakakauka taratibu, na kwenye kioo pakabaki duara la rangi ya kutu. Akalikuna kwa ukucha. Akasema neno la kwao, akawaambia askari wanaweza kwenda. Mwenyewe akaingia ofisini akafunga mlango. Kuomba radhi hakuomba, na mimi nilikaa mwezi mzima nikimpa uji wa juu juu, mwepesi.

Nikamfunika Damari nikamtoa. Nyuma ya ukuta akaketi chini. Akasema ataondoka leo leo kwao Tukuyu, kabla wazee hawajamfukuza. Amemtazama mkwe. Amesema naye. Yotamu atarudi kutoka Makongolosi akute nyumba baridi. Nikarudi ndani kumwona mzee.

Mzee alikuwa bado ndani ya gunia. Mafundi walimzunguka hakuna anayethubutu kumgusa. Nikamwambia binti ameondoka. Akauliza kama ni kweli, nikasema ni kweli. Akalivua. Macho mekundu, vumbi la gunia kwenye ndevu.

"Rozalia," akasema, "mwambie sikumwona. Asiende popote. Mimi sikumwona mtu."

Nikalipokea lile gunia nimsaidie kulikunja. Asidi ilikuwa imelila vibaya, matundu kila mahali, mengine kidole kinapita. Nikalinyanyua kwenye mwanga nikawaona mafundi wote kwa upande wa pili, mpaka vifungo vya mashati yao. Nikamtazama mzee. Naye akanitazama.

Nikalikunja haraka, matundu ndani. Nikaenda nyuma ya ukuta nikamwambia Damari kwamba baba mkwe hakumwona, gunia lilikuwa zito, hata mimi nimelijaribu. Ndipo akalia.