Nguo Nyeupe ya Mama Daudi

Haya jamani, mliokaa nyuma sogeeni, sing'ati mtu, meno yenyewe yamebaki ya kuonyesha wageni tu! Na wewe mwanangu unayetaka kuoa mwaka huu, njoo hapa mbele.

Siku hiyo naikumbuka vizuri. Kijijini kwetu Chilangala, mimi kijana, nywele zimejaa kichwani mpaka ndege wanataka kutaga. Dada yangu Hadija anaolewa na mwalimu Daudi, Myahudi kutoka mbali huko, na dada alikuwa keshaingia dini yao. Mama yake Daudi akaja kwa basi kutoka Masasi pamoja na mzee wao wa dini, vumbi limemkaanga kama korosho. Mama huyo begi lake kalipakata safari nzima, hakumpa mtu.

Asubuhi ya harusi akalifungua. Akatoa kikombe cha fedha cha babu yake, halafu nguo kubwa nyeupe yenye nyuzi kwenye pembe. Wakaanza kuifunga juu ya mianzi minne, maharusi wasimame chini yake.

Mjomba Saidi akaruka kama kakanyaga siafu. "Sanda! Mnamwoza mpwa wangu chini ya sanda?"

Wapishi wakaacha miko. Hata kuku waliacha kuparua. Kwetu, mwanangu, mjomba akikataa hakuna harusi. Baba mzazi anakohoa tu. Dada huko ndani analia machozi ya kujaza mapipa.

Basi bibi yetu akanyanyuka mkekani. "We Saidi, umeuliza nguo hiyo ya nani? Au umeona weupe tu ukaridhika?"

"Mama, macho ninayo."

"Macho unayo, mdomo wa kuulizia huna. Nyamaza. Mama Daudi, hebu tuambie, mwenzangu."

Mama Daudi akasema, mwanawe anatufasiria: "Baba yangu alikuwa akijifunika nguo hii akisali. Mimi niliolewa chini yake. Tulipohama kwetu tuliacha nyumba na vyombo, hii hatukuiacha."

Bibi akaingia ndani, akatoka na kaniki yake kuukuu, ile nguo nyeusi aliyofunikwa alipotoka unyagoni. Mwanangu, hata sisi wajukuu hatukuwahi kuigusa! Akaifunga kwenye mwanzi mmoja, akamkabidhi mjomba. "Huu wa kwetu. Shika, na usitikisike."

Mjomba akashika. Mimi nikashika wa pili, wenzake wawili Daudi wakashika iliyobaki. Dada akatoka anacheka. Mzee wao akasoma, maharusi wakanywa kwenye kile kikombe, kisha Daudi akakanyaga glasi iliyofungwa kitambaani, twaa! Wanaivunja, wanasema, ili hata kwenye raha wakumbuke msiba wa wazee wao. Vigelegele vyetu vilisikika Newala, na Masasi wakauliza kuna nini.

Sasa sikia, mwanangu. Wakwe watakuja na vitu vyao usivyovijua. Usivipe jina kabla hujauliza vimetoka wapi na nani alivitunza. Halafu ingia ndani, toa na cha kwenu, viwekwe pamoja. Mungu akupe nyumba ambayo wazee wa pande zote mbili wataingia bila kubisha hodi.

Na mjomba je? Ubwabwa umeshapakuliwa, watu wanakula, yeye bado kaganda na mwanzi wake. Bibi akamwita, "Saidi, weka chini, njoo ule!"

Akafoka: "Siweki! Mpaka nione mtoto!"