Spiriti ya Karabai

Mama alinifundisha kusafisha kioo kabla sijajua kusoma. Kioo cha chemli unakipumulia kwanza, halafu unakisugua kwa gazeti. Kikiwa na masizi yaliyoganda, unadondoshea ile spiriti ya kuwashia karabai, kidogo tu, unasugua mpaka kilie. Kisipolia, Mama alikuwa anakurudishia uanze upya.

Nilikuwa na miaka arobaini na tisa siku nilipoutumia ujuzi huo kwenye laptopu ya mdogo wangu.

Ilikuwa siku moja baada ya Krismasi. Watu wa kwetu, hata waliokwenda mbali namna gani, Desemba hupanda mlimani. Mdogo wangu alikuja kutoka Dar na mkewe, watoto wao wawili na hiyo laptopu, mpya, ya kwanza kuingia kijijini kwetu. Akaiweka mezani sebuleni akawa anawaonyesha majirani picha. Kila jirani alinyoosha kidole na kugusa kioo, "Na huyu ni nani?", na vidole vyenyewe vimetoka kwenye nyama ya mbuzi. Asubuhi yake akaenda kumsalimia shangazi yetu, mimi nikabaki na kile kioo. Nimefundisha shule ya msingi miaka ishirini na tano na siwezi kukaa chumba kimoja na uchafu. Nikasema nimfurahishe. Spiriti ilikuwepo, magazeti yalikuwepo. Nikasugua kwa nguvu zangu zote. Kioo chenyewe kilikuwa laini, kinabonyea kama utando wa maziwa, wala hakikulia. Ningekuwa na akili ningeachia hapo. Nikaongeza spiriti.

Kilipokauka kulikuwa na doa jeupe katikati, pana kama kiganja changu.

Alirudi, akaifungua, akatazama.

"Nani alikutuma?"

Hakusema hata "dada". Na mkewe amesimama pale pale. Nina hasira za karibu, sikatai, nikamwambia siku nyingine asiache takataka zake nyumbani kwangu.

"Kwako?" akasema. "Hapa ni kwako?"

Kwa mila yetu nyumba ya wazazi ni ya kitindamimba wa kiume, naye ndiye. Mimi ni dada yake mkubwa ambaye sikuolewa. Nilibaki kwenye kihamba, shamba letu la ukoo, nikamuuguza Mama miaka sita, nikamzika, nikaendelea kupalilia migomba na kupaka chokaa kuta za nyumba ya mtu mwingine. Wote tulilijua hilo na hakuna aliyewahi kulitamka. Walipakia mizigo mchana ule ule. Watoto walikuja kuniaga jikoni, yeye alikuwa ameshawasha gari.

Nilimpigia simu mara nyingi mwaka uliofuata. Alikuwa kwenye kikao. Hata Jumapili alikuwa kwenye kikao. Desemba ikafika, nikapika mtori wa watu watano, nikaula mwenyewe siku mbili, siku ya tatu nikampa mbwa.

Nilikuwa mpweke, niseme wazi. Vyumba vinne na mtu mmoja. Nilifika mahali pa kumsahihisha mtangazaji wa redio Kiswahili chake kwa sauti kubwa, ili tu mtu awe amejibizana na mtu humo ndani.

Kwetu kuna isale, jani refu la mmea tunaoupanda mipakani na makaburini. Aliyekosa hulifunga fundo, humpa mtu mzima alipeleke, na anayepelekewa hana budi kusamehe. Nilikuwa nimesubiri lake, kwa sababu kosa lake lilikuwa kubwa kuliko langu, na mpaka leo naamini hivyo. Ilipopita Pasaka nikakata moja pale kwenye kaburi la Mama, nikalifunga, nikampa shangazi aliyekuwa anakwenda Dar kwa mwanawe.

Aliporudi nilimfuata kwake siku hiyo hiyo.

"Shikamoo, shangazi. Amelipokea?"

"Marahaba, mwanangu. Kwa mikono miwili."

"Akasemaje?"

Shangazi akafikiri. "Akaninunulia soda."

Wiki kadhaa baadaye nikapigiwa simu kutoka stendi ya Moshi kwamba kuna mzigo wangu kwenye basi. Nikateremka mjini. Ndani ya boksi kulikuwa na laptopu ile ile, kitambaa laini cha njano, na karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono. Mwandiko niliujua, ni mimi niliyemfundisha.

"Zima kwanza, chomoa waya, iache ipoe. Tumia kitambaa hiki tu, kikiwa kikavu. Futa taratibu, usibonyeze. Uchafu ukigoma, lowesha kitambaa kwa maji safi kidogo sana na ukikamue. Maji usimwagie kioo. Gazeti hapana. Spiriti hapana."

Hakuna shikamoo, hakuna hujambo, hakuna habari za watoto. Darasani ningemrudishia aandike tena. Nilikuwa nimeanza kuikunja nilipoona mstari wa mwisho, chini kabisa.

"Doa halitatoka, dada. Usisugue tena."

Nikakaa juu ya gunia la mtu nisiyemjua, katikati ya stendi, nikalia. Mwenye gunia alinitazama, akaniacha.

Tangu hapo nilikifuta kioo kila Jumamosi, kikavu, taratibu, kama alivyoandika. Nimekuwa hodari wa kazi hiyo na hakuna wa kumwonyesha. Doa lipo pale pale. Yeye alinisamehe, maana isale ukishalipokea umesamehe. Lakini mila haikumwambia mtu kwamba lazima aje.

Krismasi iliyofuata magari yalipanda tangu asubuhi. Kila moja lililopunguza mwendo penye kona yetu nililisikia. Nilifuta kioo, nikaiacha laptopu wazi mezani, upande ule alikokaa. Saa kumi jioni barabara ilikuwa kimya. Nikaifunga, nikaifunika kwa kitambaa nilichokifuma mwenyewe, nikaenda jikoni kupakua. Safari hiyo nilikuwa nimepika kwenye sufuria dogo, mtori wa mtu mmoja. Sahani nilikuwa nimeosha tano.