Siku Tangi Langu Lilipogeuka Matope

Haya, chekeni mmalize ndipo niendelee, kwa sababu hakuna namna ya kusimulia jambo hili nikabaki na heshima: mimi Rose, fundi cherehani wa Riruta, nilimmwagia mgeni wangu wa maana maji ya kutu kuanzia kiunoni hadi viatuni, mbele ya akina mama wa kanisa na mama mkwe wangu.

Kwanza mjue nina tangi la maji ya chumvi sebuleni, na humo sifugi samaki tu, nafuga matumbawe hai, yale yanayofunguka kama maua taa ikiwaka, na nimeyalea miaka mitatu kwa maji ninayochanganya mwenyewe (Riruta, jamani, bahari iko wapi?). Adui yangu ni fosfeti. Inatoka kwenye chakula cha samaki, na ikizidi, mwani wa kijani unafunika kila kitu na matumbawe yanakataa kukua. Kila asubuhi kabla sijagusa cherehani napima maji, naandika kwenye daftari.

Sasa kuna Uncle Harish wa Parklands, mfamasia mstaafu, mwenye tumbawe la zambarau ambalo wafugaji wote tunalimezea mate. Anakukatia kipande bure, lakini lazima kwanza aje aone maji yako. Mimi alikuwa ameninyima mara mbili. "Rose, fosfeti iko juu, hii itakufa kwako." Mara ya tatu akasema atakuja Jumapili alasiri, na Jumapili hiyo hiyo ilikuwa zamu yangu ya kukaribisha ibada ya nyumbani. Niahirishe? Thubutu! Nilitaka wote waone.

Saa saba nikapima, nikakuta fosfeti imepanda kidogo. Dawa yake ni chembechembe nyekundu za chuma, unazitia kwenye kichujio, pampu inapitisha maji, zinanasa fosfeti, ila lazima uzisuuze kwanza kwa maji yaliyochujwa mpaka vumbi liishe. Mfereji ulikuwa mkavu tangu Alhamisi, kwa hiyo nikakimbilia jerikeni langu la mwisho la maji hayo, nikalikuta tupu, na mama mkwe, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Kakamega, anamimina chai.

"Mama, yale maji yangu?"

"Maji safi namna ile uwape samaki, wageni wakunywe nini?"

Nikajiambia vumbi kidogo tu, nani ataliona. Nikazitia hivyo hivyo bila kusuuza, nikawasha pampu, nikaenda kumfungulia Uncle Harish mlango, naye (ole wangu) amevaa suruali nyeupe iliyopigwa pasi ikasimama.

Tulipogeuka, tangi lilikuwa jekundu kama barabara yetu wakati wa mvua na samaki hawaonekani hata mkia. Pambio walilokuwa wakiimba akina mama wa kanisa likakatika katikati. Mama mkwe akainua mikono, "Bwana, okoa hawa samaki!" na sebule nzima ikaanza kuomba kwa sauti, nami kwa aibu nikanyakua mpira wa kutolea maji, nikauvuta kwa mdomo, nikameza, nikakohoa, mpira ukaniponyoka ukamwelekea Uncle Harish. Hata maombi yalikoma.

"Rose," akasema taratibu, "zima pampu kwanza."

Nikazima, kisha nikalia, sifichi. Sikulilia suruali, nililia kile kipande cha zambarau, maana nilijua sasa ndiyo basi. Lakini yeye aliketi na nguo zake zinazochuruzika, akalichukua daftari langu juu ya kabati, akalisoma ukurasa kwa ukurasa. Kila siku ilikuwepo, hata siku ya harusi ya dada yangu.

"Umeishusha polepole miezi nane, vizuri kabisa," akasema. "Leo haraka ya nini?"

"Ulikuwa unakuja, Uncle."

Akacheka mpaka akafuta machozi. Akanieleza vumbi lile litatua na samaki hawatakufa, ila ningeiondoa fosfeti yote kwa siku moja matumbawe yangekosa chakula, maana nayo huihitaji kidogo. Jioni samaki wakaonekana tena, mama mkwe akapiga Haleluya, na nasikia huko Kakamega bado anatoa ushuhuda.

Nilimshonea suruali mpya, mshono ambao naringa nao hadi leo. Jumamosi iliyofuata akaja na kipande changu kwenye mfuko wa maji, amevaa ile ya zamani, doa na yote. "Ile mpya ni ya hekaluni," akasema. "Hii ndiyo ya kuja kwako."

Nimeapa sitatia tena chembe ambayo haijasuuzwa, na jerikeni la samaki nalifungia chumbani. Tumbawe limetoa matawi kumi na moja. Juzi mfugaji mmoja wa Woodley aliniomba kipande, nikamwambia lazima kwanza nije nione maji yake. Nitavaa nguo nyeusi.