Tembe la Mama na Kibao cha Marufuku

Yule afisa wa mambo ya kale simpendi hadi leo, na sioni aibu kusema. Alikuja nyumbani kwa mama, kule milimani Kibakwe, akachomeka kibao mbele ya tembe letu: jengo la kihistoria, ni marufuku kubadili chochote bila kibali. Akampa mama shikamoo ya haraka haraka, akampiga picha, akamwambia ajivunie, maana sasa nyumba yake inahifadhiwa.

"Baba, hospitalini nako wanahifadhi," mama alimjibu. "Wanahifadhi maiti. Mimi humu nalala."

Akacheka! Alidhani ni utani.

Sasa, paa la tembe ni udongo juu ya miti. Kila mwaka kabla ya mvua unapanda, unaziba nyufa, unaongeza udongo mpya na kuushindilia. Usipofanya hivyo maji yanaingia, miti inaoza, paa zima linakuangukia. Juu ya kitanda cha mama ufa ulikuwa umeshaanza kumwaga vumbi. Nikawa natoka Nzuguni ninakoishi, nakwenda ofisini kwa yule afisa mjini kuulizia kibali. Kila nikienda, eti, "Dada, kipo kwenye mchakato." Mchakato! Mama yangu alale chini ya mchakato? Nilimwambia wazi, angekuwa mama yake angeshapanda mwenyewe. Akanuna, akasema nisimletee jazba ofisini.

Mawingu yalipoanza kujikusanya sikumuaga mtu. Nilikwenda Kibakwe, nikapanda juu ya paa, mama akawa ananipandishia udongo kwa ndoo. Tulikuwa tunamalizia upande wa kitanda alipotokea yeye, jasho linamtiririka, gari kaliacha bondeni barabara inakoishia. Sijui nani alimpigia simu. Akafoka kwamba tunaharibu urithi wa taifa, atatushtaki, nishuke mara moja.

"Shtaki!" nikamjibu huko huko juu. "Udongo siuondoi ng'o!"

Mvua ikatukatiza. Ilikuwa ile ya kwanza ya msimu, ya matone mazito. Nikashuka mbio. Afisa naye akakimbilia mlangoni, faili kaliweka kichwani. Mama alikuwa ameshasimama pale, mikono imejaa tope, kashika miimo yote miwili.

"Hapana, baba," alimwambia taratibu. "Ukiingia utabadili kitu."

Nikapita chini ya mkono wake, nikaenda moja kwa moja kukipapasa kitanda. Kilikuwa kikavu.